Salamu kwanza, bei baadaye: hotuba kwa wanaoenda Oman Desemba

Hii ndiyo ile hotuba niliyotoa Jumamosi kwa wanachama wetu wanaosafiri Desemba, naiweka yote hapa kwa sababu wengi mlishikwa na kazi na wengine mlishikwa na jam Mombasa Road. Picha zilizokuwa ukutani nimeziruka, maneno ni yale yale.

Salaam aleikum!

Hapana, hapana, hiyo ni sauti ya mtu aliyeamshwa. Tena. Salaam aleikum!

Waaleikum salaam. Naam, hapo sasa tumeelewana. Na wewe mzee wangu pale nyuma uliyebana midomo ukidhani ukiitikia utakuwa umesilimu, itikia tu, watu wanatakiana amani, hakuna mtu ataandika jina lako kwa daftari.

Ndugu zangu, mmenitumia maswali mengi kwa grupu ya WhatsApp na nimeyasoma yote, na karibu yote ni ya nguo. Nivae nini, nifunike nywele ama nisifunike, dera linatosha, hii suruali inabana sana ama ni sawa. Nguo nitafika, msijali. Lakini mimi ni mtoto wa Mombasa niliyekaa South C miaka mingi, nawajua watu wa pwani na nawajua watu wa Nairobi, na nawaambia kwa mapenzi yote: shida ya mtu wa Nairobi ugenini si nguo. Shida ya mtu wa Nairobi ni haraka. Nguo utanunua, haraka utaenda nayo tu kwa damu.

Si uongo. Mtu wa Nairobi anaingia duka, mwenye duka hajamwangalia hata usoni, ashashika kitu, "hii ngapi?" Na hapa kwetu si makosa, sokoni Gikomba ukianza kumuuliza mtu hali ya watoto wake atadhani unataka kukopa. Lakini kule, mtu aliyeuliza bei kabla ya salamu ni mtu ambaye hajaingia bado, yuko mlangoni hata kama amesimama katikati ya duka.

Nitawapa mfano. Maskati, mji mkuu wa Oman, kuna soko la zamani linaitwa Mutrah, liko kando ya bandari, vichochoro vimefunikwa juu, na kabla hujaona kitu pua imeshapokea ubani. Ubani wa Oman unatoka Dhofar, kule kusini upande wa Salalah, wanakwangua gome la mti, utomvu unatoka matone matone, unakauka, unavunwa. Na una daraja zake, haulingani. Ule wa juu wanauita hojari, mweupe wenye ukijani kidogo, na ule wa chini ni wa rangi ya kahawia umechanganyika na vipande vya magome. Sasa safari moja, wamama wawili wa kikundi chetu waliingia duka lile lile jioni ile ile. Wa kwanza akaona mfuko uko mbele, ngapi, punguza, haya basi, akalipa akatoka. Wa pili alisimama pale mlangoni akasema salaam aleikum, AKANGOJA, mzee akaitika, akamuuliza hali, akasema nzuri, na yeye akauliza hali ya mzee na watu wa nyumbani, akaambiwa kaa. Akakaa. Hajauliza bei ya kitu chochote. Mzee akainama chini ya meza akatoa kopo la bati lina mfuniko umebonyea, akamimina vipande kiganjani, akainua kimoja kwenye taa amuonyeshe ule ukijani, kingine akakitia kwenye chetezo moshi ukaanza kupanda, akamwambia nusa, sasa nusa na huu mwingine, umeona tofauti?

Usiku hotelini wakalinganisha. Bei karibu sawa. Mmoja ana hojari, mwingine ana magome.

Nawauliza, yule mzee alimwibia wa kwanza? Hakumwibia. Aliuliza bei ya alichokiona akauziwa alichokiona. Wa pili aliuziwa kile ambacho hakikuwekwa mbele, kwa sababu alisalimia. Salamu kwanza, bei baadaye. Semeni na mimi: salamu kwanza, bei baadaye!

Na kupatana bei kupo, ndiyo, lakini Gikomba muiache Gikomba. Ukimkatia mtu nusu ya bei aliyokuambia kule ni kama umemwambia usoni ni mwizi. Unaomba akupunguzie kidogo, anapunguza kidogo, mnacheka, mnaendelea. Halafu hesabu jamani: riali moja ni kama dola 2.6, imefungwa hapo tangu 1986, kwa hivyo inapita shilingi 300 zetu, na riali moja ina baisa 1,000. Ukiona kitu kimeandikwa 5 usipige kelele ati ni bure, hiyo inapita 1,500. Na lile soko la Mutrah linafunga mchana watu wapumzike, linafunguka tena jioni, na Ijumaa asubuhi usiende kabisa, utakuta paka. Wikendi yao ni Ijumaa na Jumamosi.

Sasa lugha. Hapa nataka mnisikilize vizuri kwa sababu kuna kitu watalii wengine wote hawana na nyinyi mnacho.

Mzungu akienda Oman ananunua kijitabu cha Kiarabu. Nyinyi mna Kiswahili, na Oman Kiswahili kipo, sio cha kubahatisha, kipo majumbani. Kwa nini? Si mnaijua Fort Jesus? Waomani waliiteka kutoka kwa Mreno 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Baadaye Seyyid Said, mtawala wa Oman, akahamisha makao yake kutoka Maskati mpaka Unguja, tunaambiwa 1840, na watu wakafuata, wakaoa, wakazaa, wakapanda karafuu, wakazikwa huko. Halafu mapinduzi ya Zanzibar 1964, wengi wakakimbia, na Sultan Qaboos alipochukua nchi 1970 akawaita waliotawanyika warudi wajenge. Wakarudi na vitu viwili, kofia zao na Kiswahili chao. Kofia ndiyo ile wanaiita kumma, ukiiona utasema nimefika Lamu. Na Kiswahili ndicho mtakachokutana nacho kwa teksi.

Kwa nini kwa teksi? Kwa sababu kule kuendesha teksi ni kazi ya raia, mgeni haruhusiwi. Sasa mhindi wa duka anaweza asijue Kiswahili, mbangali wa hoteli asijue, lakini yule mzee wa teksi nyeupe na rangi ya machungwa, usimchezee.

Vijana wetu wawili walimchezea. Wametoka uwanja wa ndege, wamepanda teksi, hawajauliza bei (haraka tena hiyo!), ndio njiani wanaanza kupanga kwa Kiswahili hapo hapo nyuma ya mzee. Mmoja anasema huyu akituambia zaidi ya riali 12 tunakataa. Mwingine anasema 12 ni sawa, iko kwa bajeti, lakini tujifanye tumeumia. Mzee kimya, anaangalia barabara, tasbihi inaning'inia kwenye kioo. Wamefika hotelini, mifuko imeshushwa, wanauliza kwa Kizungu ni ngapi. Mzee akageuka taratibu akawaambia, "Wanangu, mimi nilitaka kuwaambia kumi. Lakini nyinyi mmeshakubaliana kumi na mbili, nani mimi nivunje makubaliano ya watu?"

Na Kiswahili chenyewe ni kile cha Unguja, kisafi, kila herufi mahali pake. Vijana wakabaki wamefungua midomo. Mwisho mzee alichukua kumi yake, mbili akarudisha, akawauliza Mombasa mvua imenyesha? Alikuwa na dada yake Kisauni.

Kwa hivyo mambo ni haya. Moja, usimseme mtu kwa Kiswahili ukidhani hasikii. Pili, Kiswahili chao kina adabu, na sheng haitapita. Ukimwambia mama wa miaka sabini "niaje" hatakujibu, na si kwamba hajaelewa. Mwambie shikamoo. Ukisema shikamoo kwa mzee wa Maskati aliyezaliwa Zanzibar, nawaambia, utaona uso wa mtu ukibadilika, utaulizwa umetoka wapi, ukoo gani, umekula? Tatu, usimpigie Kiswahili kila mtu. Karibu nusu ya watu wanaoishi pale ni wageni wa kazi kutoka India, Bangladesh, Pakistan na kwingine, madukani Kizungu kinatosha, na kuna Waomani wengi tu ambao hawana habari na Afrika Mashariki. Jaribu, ukiona hakishiki, songa.

Kiarabu mtahitaji kidogo sana na kingi mnacho tayari kwa kusikia majirani. Salaam mnajua. Shukran. Min fadhlik unapoomba kitu. Ukimsifia mtoto wa mtu usiache mashallah, maanake ukisema "mtoto mzuri huyu" ukanyamaza, mama yake atakuwa na wasiwasi mpaka usiku kwa sababu ya kijicho. Na ukiambiwa inshallah usiende kulalamika kwa grupu ati wamekataa. Angalia uso wa aliyesema ndio utajua ni ndiyo ama ni hapana ya heshima, kama tu hapa mtu akikuambia "tutaongea".

Haya, nguo. Najua ndizo mlizosubiri.

Wamama hamna shida. Nasema ukweli, sijawahi kupata shida na wamama, kwa sababu kila mtu amewahubiria wamama mpaka wakachoka: funika mabega, funika magoti, beba mtandio. Wanabeba mitandio mpaka inabaki. Wenye shida ni wanaume! Kwa sababu hakuna mtu anawaambia kitu.

Tulienda Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, ule uliofunguliwa 2001. Ni mmoja wa misikiti michache kule inayoruhusu asiye Mwislamu kuingia ndani, na masaa yake ni Jumamosi mpaka Alhamisi, saa mbili asubuhi mpaka saa tano, ukichelewa umechelewa. Mwanamke afunike nywele, mikono mpaka kiwiko cha... hapana, nisiseme kiwiko, mpaka KIFUNDO cha mkono, miguu mpaka kifundo. Wamama wetu wote wakapita, mlinzi hata hakuwaangalia mara mbili. Nyuma yao kijana mmoja, mtanashati, jinzi zake zimechanika magotini zote mbili, zile za kununua zikiwa zimechanika tayari. Mlinzi akamwonyesha magoti kwa kidole. Kijana anajieleza, hii ni fesheni. Mlinzi anatikisa kichwa kwa upole sana. Ikabidi aende pale kwa duka la mlangoni akakodi kanzu, na alipohesabu usiku akasema amelipa mara mbili, mara ya kwanza magoti yaonekane na mara ya pili yafichwe.

Ndani sitawasimulia sana mkajionee, lakini lile zulia la ukumbi wa sala ni kipande kimoja, kama mita 70 kwa 60, limesukwa na wanawake 600 wa Iran kwa miaka minne, na wageni mmetandikiwa njia juu yake mpite hapo hapo. Usiruke ukapige selfi katikati. Na kama hujawahi kuingia msikitini maishani mwako, kabla ya Desemba piteni pale Jamia, Banda Street, muulize taratibu, viatu vinawekwa wapi, wanawake wanapita wapi. Utaenda kule hujashtuka.

Na wanaume, kaptula ni za ufukweni. Singlendi ni za kulalia. Nimemaliza.

Sasa hili la mwisho kubwa ndilo ninalolipenda mimi, kualikwa nyumbani. Mtaalikwa. Hasa mji wa Nizwa. Ijumaa asubuhi tutaenda soko la mbuzi, wauzaji wanazunguka duara na mbuzi wao, wanunuzi wamekaa, bei zinarushwa hewani, na mkianza kuongea Kiswahili pale kuna mtu atageuka na mtajikuta mmealikwa kahawa. Picha za mbuzi piga mpaka simu ijae. Picha za watu omba, na za wanawake usipige kabisa mpaka mwenyewe akubali kwa mdomo wake.

Mmefika. Viatu mlangoni. Wanaume huenda wakakaa chumba chao na wanawake chumba chao, msishangae na msianze kutafutana. Mwanamume, ukiletewa mwanamke wa nyumbani kusalimiana usirushe mkono, weka mkono wako kifuani inamisha kichwa, yeye akinyoosha ndio unyooshe. Ulizia familia, "watu wa nyumbani hawajambo?", usiulize "mkeo yuko wapi?" Umekaa chini, nyayo zako usimuelekezee mtu. Mkono wa kulia kwa kila kitu, hata wewe unayeandika na kushoto.

Inakuja tende kwanza, na haluwa. Halafu kahawa. Kijana wa nyumba anasimama na dele, lile birika la kahawa, mkono wa kushoto, vijikombe mkono wa kulia, anamimina kidogo tu, chungu, ina iliki. Unakunywa, unarudisha kikombe, anajaza. Unakunywa, anajaza. Mzee mmoja wetu, mkarimu sana, mtu wa kanisa, alikuwa ameamua moyoni kwamba kukataa ni kukosa adabu. Akanywa. Akajaziwa. Akanywa. Akajaziwa. Sisi wamama tuko chumba cha pili hatujui kitu. Alikuja kutoka pale macho yamemtoka, usiku mzima hakulala, anasikia moyo ukidunda masikioni. Na dawa ni rahisi! Ukitosheka, kitikise kile kikombe kidogo hivi, kwa mkono, kushoto kulia, ndio umrudishie. Hebu wote tikiseni vikombe vyenu vya chai. Ndio hivyo. Hakuna maneno, hakuna kukosana.

Na jambo la pili siku hiyo hiyo. Baada ya kula likaletwa chetezo, udi unafuka, likapitishwa kwa kila mtu ajifukize nguo na nywele, na marashi yakanyunyizwa. Watu wetu wakafurahi, wakaegemea mito, wakaona sasa ndio sherehe inaanza. Masikini! Nchi za Ghuba kuna msemo kwamba baada ya udi hakuna kukaa. Chetezo likishazunguka, mgeni anashukuru, anaaga. Mwenye nyumba hatakuambia ondoka hata jua lizame hata lichomoze, atakaa na wewe anatabasamu, lakini ana mambo yake. Ukinusa udi, tafuta viatu.

Umeona sasa? Mlangoni unapunguza haraka, kwenye kahawa unapunguza haraka, na ukifika mahali pa kuwa na haraka kidogo ndio unakuta mtu wa Nairobi ameegemea mto.

Kuna jambo moja si la kuchekesha na sitalipita. Wengi hapa tunaijua Oman kwa sababu ya dada zetu wanaokwenda kazi za nyumbani. Wengine wamesaidia familia, wengine wamerudi na makovu, mnajua na mimi najua. Wasichana wa kikundi chetu, kuna mtu atawauliza mmekuja kufanya kazi kwa nani. Inaudhi, lakini si kila anayeuliza anadharau, wengi hawajawahi kuona Mkenya mtalii. Jibu kwa utulivu, nimekuja kutembea, na karatasi za hoteli na tiketi ya kurudi ziwe karibu na pasipoti. Na ukikutana na msichana wa kwetu anafanya kazi pale, dukani ama anasukuma mtoto wa watu, usimpite kama humjui. Msalimie kwa lugha ya nyumbani, na usimpige picha.

Haya ya sheria nayataja haraka. Kutukana mtu barabarani ama kumwonyesha kidole ni kesi, kwa hivyo ile tabia ya kuendesha gari Thika Road iacheni. Sultani hasemwi vibaya. Pombe iko kwenye hoteli zenye leseni, unakunywa humo humo, hutoki nayo njiani. Dawa za maumivu zenye kodeini ama tramadol usibebe bila barua ya daktari. Wanaopanga kwenda Februari wenyewe, angalieni Ramadhani imeangukia wapi kwa sababu inasogea nyuma kama siku 11 kila mwaka, na mchana wa Ramadhani kula, kunywa au kuvuta sigara hadharani hairuhusiwi, hata maji, hata kama wewe si Mwislamu. Wakristo mlioniuliza kama kuna kanisa, yapo, mitaa ya Ruwi na Ghala kule Maskati, na ibada kubwa nyingi ni Ijumaa kwa sababu ndio siku ya mapumziko, kwa hivyo mkichelewa soko la mbuzi basi mmekosa vyote viwili.

Na yule aliyenitumia meseji saa sita usiku kuuliza kama anaweza kubeba miraa kidogo tu, simtaji, anajijua na naona anaangalia chini. Hapana. Kule miraa kwa sheria ni dawa ya kulevya, hata iwe ya Meru, hata iwe kidogo, hata ukisema ni zawadi ya mwenyeji. Itafune hapa Nairobi, uimalize, upige mswaki, ukung'ute mifuko yote ya koti, ndio uje JKIA.

Haya, maswali.